KAMPUNI IKINUNULIWA, DENI LA WAFANYA KAZI LINUNULIWE PIA



Twaandika karatasi hii kwa madereva, matanboi, mafundi wa gareji, watu wa spea, makarani wa mabasi na walinzi wa yadi hapa Garissa, na kwa wenzetu walioko Dadaab, Wajir na Mandera. Jambo letu ni hili: makampuni yanayotengeneza na kuuza motokaa yanauzwa na kununuliwa kama mbuzi wa sokoni, na kila mara yanapouzwa, mtu wa mwisho kuambiwa ni yule anayeshika spana.

Wako wenzetu wasemao kwamba hayo ni mambo ya Nairobi na Ulaya, ya watu wa tai na mawakili, wala hayavuki daraja la Tana. Twawauliza: lori unaloendesha limetoka wapi? Kisanduku cha gia ulichongoja wiki tatu kilikuwa mikononi mwa nani? Na yule fundi aliyefunzwa kazi Nairobi katika karakana kubwa, leo ameketi chini ya mwarobaini hapa mjini na sanduku lake la vyuma, alifukuzwa na nani? Mambo hayo yalivuka daraja zamani sana. Ni sisi ambao hatukuyatazama usoni.

Huku kwetu chapa ni jambo la heshima. Ngamia akipotea Balambala akaonekana Hulugho, mtu hutazama chapa mwilini mwake, akajua ni wa nani na akajua aende kuuliza kwa nani. Chapa ya motokaa hufanya kazi kinyume. Ile chuma ya mbele haikuambii mwenye mali ni nani, hukuficha usimjue. Jina hubaki lile lile miaka sabini, na nyuma yake wenyewe wamebadilika mara sita.

Chukueni Land Rover, ambayo kila mzee wa mkoa huu anaijua, na wengine waijua vibaya, maana katika miaka ya vita vya Shifta na katika miaka yote ya amri ya hatari, iliyoondolewa mwaka 1991, sauti ya Land Rover usiku haikuleta habari njema katika boma. Motokaa hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, nayo ilikuwa mali ya kampuni ya Rover ya Uingereza. Mwaka 1967 Rover ilinunuliwa na Leyland. Mwaka 1968 Leyland ikaunganishwa na wengine ikawa British Leyland. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza ikaichukua. Mwaka 1988 ikauzwa kwa British Aerospace, watu wa ndege, kwa pauni milioni 150. Mwaka 1994 watu wa ndege wakaiuza kwa BMW ya Ujerumani kwa pauni milioni 800. Mwaka 2000 BMW ikaikata vipande viwili, Land Rover ikaenda kwa Ford ya Marekani. Mwaka 2008 Ford ikaiuza pamoja na Jaguar kwa Tata ya India kwa dola bilioni 2.3. Na mwezi wa Januari 2016 ile Land Rover ya mraba, ambayo fundi wa Garissa aliweza kuifungua kwa spana tatu na nyundo, ikatengenezwa ya mwisho kule Solihull. Mpya yenye jina la Defender huundwa Slovakia, na ikiharibika hutaka kompyuta kabla ya kutaka fundi.

Hesabuni wenyewe. Jina moja, matajiri wengi. Kila tajiri alipoondoka aliondoka na faida au hasara yake, na watu wa Solihull wakabaki wakisoma gazeti ili wajue bwana wao mpya ni nani.

Na kile kipande cha pili kilichokatwa mwaka 2000? Hicho ndicho kilichobeba msiba. BMW iliwapa motokaa ndogo za Rover mabwana wa kikundi kilichoitwa Phoenix kwa bei ya pauni 10. Ndiyo, pauni kumi, bei ya kuku wachache. Watu wakashangilia, wakasema kazi imeokolewa. Mwezi wa Aprili 2005 kampuni ikaanguka, na wafanya kazi kama 6,000 wa Longbridge wakatoka na makoti yao. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza ulipotoka mwaka 2009, ulionyesha kwamba wakubwa watano wa kampuni hiyo walikuwa wamejipatia mishahara na malipo ya uzeeni yafikiayo pauni milioni 42. Hatusemi zaidi. Jina la MG wakalichukua Wachina, na leo linauzwa dunia nzima. Jina lilipata mnunuzi. Wale watu 6,000 hakuna aliyewataka.

Sasa turudi nyumbani, maana mtu aweza kulia msiba wa Waingereza akasahau wake.

Kule Thika katika miaka ya 1970 kilifunguliwa kiwanda cha Leyland Kenya, nacho baadaye kikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Serikali ilikuwa na hisa 35 katika kila mia, na zilizobaki ziligawanywa sawasawa baina ya makampuni mawili ya kuuza motokaa, CMC na D.T. Dobie. Tuyafuate makampuni hayo mawili tuone yalikofika.

CMC ilianza mwaka 1948. Ilikuwa kampuni kubwa, hisa zake ziliuzwa katika soko la Nairobi, na Wakenya wengi wa mishahara midogo walikuwa na hisa mbili tatu humo. Mwaka 2011 wakurugenzi wakagombana hadharani mpaka hisa zikasimamishwa sokoni. Mwaka 2014 Al-Futtaim ya Dubai ikainunua yote kwa shilingi 13 kila hisa, jumla kama shilingi bilioni 7.5, na jina likaondolewa sokoni. Tuliambiwa kwamba sasa nguvu za Dubai zimeingia, kazi itakua. Mwaka 2023 kampuni ikaacha kuuza motokaa za Ford, Mazda na Suzuki, ikabaki na matrekta, na watu wakapunguzwa. Mwezi wa Januari 2025 ikatangaza kwamba inafunga kazi katika Kenya, Uganda na Tanzania. Miaka 77 ya jina, na mnunuzi akalimaliza kwa miaka 11.

D.T. Dobie nayo, iliyouza Mercedes na Datsun na Nissan tangu zamani za wakoloni, ilikuwa chini ya CFAO, kampuni ya Kifaransa ya biashara za Afrika. Mwaka 2012 CFAO ikanunuliwa na Toyota Tsusho ya Japani. Lakini Toyota Tsusho ndiyo ile ile iliyokuwa ikiuza Toyota hapa Kenya. Basi maduka mawili yaliyokuwa yakishindana kuwauzia serikali, mashirika na wenye mabasi yakajikuta na baba mmoja, na mwishowe yakaunganishwa chini ya jina la CFAO. Dereva aliyekuwa akisema, nikichoka na huyu nitaenda kwa yule, akagundua kwamba huyu na yule wanakula sahani moja. Na mtu wa spea wa Garissa aliyezoea kupiga simu mbili kutafuta bei nafuu, simu yake ya pili inalia katika jumba lile lile.

Hatukuja kusema kwamba kila ununuzi ni balaa. Tungesema hivyo tungekuwa waongo, na wenye makampuni wangetucheka. Mwaka 2017 General Motors ya Marekani iliuza hisa zake 57.7 katika kila mia za kiwanda cha Nairobi kwa Isuzu ya Japani. Jina likabadilishwa likawa Isuzu East Africa, na kiwanda hakikufungwa. Malori yale yale tunayopakia mifugo, miraa, saruji na unga yanaendelea kuungwa pale. Mnunuzi aliijua kazi na alitaka kuifanya. Twakubali hilo kwa moyo mweupe. Lakini mwaka ule ule General Motors iliiondoa Chevrolet katika soko la Afrika ya Kusini, na mwenye kazi katika duka la Chevrolet hakufarijika kusikia kwamba ndugu yake wa Isuzu yu salama. Jambo tunalolikataa ni kwamba mfanya kazi aokoke kwa bahati. Bahati si mkataba.

Wengine watasema tumechagua mifano ya kiwanda kibaya na kampuni zilizozeeka. Basi twende Marekani, katika biashara iliyonona: nyumba za magurudumu, yaani zile trela na mabasi yenye kitanda, jiko na choo, ambazo matajiri na wazee waliostaafu huzivuta kwenda kupumzika porini. Sisi huku tunajua nyumba inayohama. Mama zetu huifungua na kuifunga, wakaipandisha juu ya ngamia kwa kamba na mikeka, wala hapana aliyewahi kuiuza hisa zake. Lakini huko ni kiwanda kikubwa, na sehemu kubwa ya kazi yake yote ya Marekani hufanywa katika mji mmoja na vijiji vyake, Elkhart katika jimbo la Indiana.

Iko trela moja maarufu ya alumini inayong'aa kama sufuria mpya, iitwayo Airstream. Mwenye kuianzisha, Wally Byam, alichukua trela 41 mwaka 1959 akaziongoza kutoka Cape Town hadi Cairo, zikapita Kenya na Ethiopia, mpaka zikapigwa picha mbele ya piramidi. Hebu fikirini barabara zetu za mwaka 1959! Alikufa mwaka 1962, na mwaka 1967 kampuni ikanunuliwa na Beatrice Foods, watu wa vyakula. Watu wa maziwa na nyama wakawa na nyumba za magurudumu. Mwaka 1980 Beatrice ikaichoka, na mabwana wawili, Thompson na Orthwein, wakainunua, wakaunganisha herufi za mwanzo za majina yao wakapata jina Thor. Kutoka hapo Thor imekula mmoja baada ya mwingine: Keystone mwaka 2001, Heartland mwaka 2010, Jayco mwaka 2016 kwa dola kama milioni 576, Tiffin mwaka 2020. Forest River ikanunuliwa na Berkshire Hathaway ya tajiri Warren Buffett mwaka 2005. Winnebago ikanunua Grand Design mwaka 2016 na Newmar mwaka 2019. Leo makampuni matatu ndiyo yenye sehemu kubwa kabisa ya biashara hiyo, lakini mnunuzi akiingia uwanjani huona majina mengi ukutani, akadhani anachagua. Anachagua rangi tu.

Na wafanya kazi? Wengi wa Elkhart hawana chama. Biashara ikinona hulipwa vizuri, kwa idadi ya vipande. Ikianguka hutumwa nyumbani bila mtu wa kuwasemea. Mwaka 2008 mafuta yalipopanda na mabenki yalipokataa kukopesha, kampuni ya Monaco ilifunga viwanda vyake vya Indiana na zaidi ya watu elfu moja wakakosa kazi. Mwaka uliofuata ikafilisika, na mali yake ikanunuliwa na Navistar, watu wa malori. Mwaka 2013 Navistar nayo ikaiuza tena.

Lakini mfano tunaotaka mkae nao usiku ni wa Canada. Mwaka 2018 Thor ilipatana kununua kampuni kubwa ya Ujerumani, Erwin Hymer. Hymer ilikuwa na tawi Ontario, lililotengeneza vani za kulala ziitwazo Roadtrek. Kabla ya kutia saini ya mwisho, ikaonekana kwamba hesabu za tawi hilo la Canada si safi. Thor ikasema, twanunua kila kitu ila hilo. Mwezi wa Februari 2019 mkataba ukafungwa, tawi likaachwa nje ya mlango, likawekwa chini ya mfilisi, na watu zaidi ya 800 wakaambiwa warudi nyumbani. Hao 800 hawakuandika hesabu zile. Walikuwa wakikata mbao, wakivuta nyaya na kufunga masinki. Mwaka ule ule kampuni ya Kifaransa, Rapido, ikanunua jina la Roadtrek. Jina, ndugu zetu! Jina lilipata bwana mpya katika mwaka huo huo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wetu hudanganywa. Kampuni huuzwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuuza hisa. Mwenye hisa aondoka, mwingine aingia, lakini kampuni yenyewe ni ile ile, na wewe bado ni mtumishi wake, na miaka yako yahesabiwa tangu siku uliyoanza. Njia ya pili ni kuuza mali: jina, mashine, karakana, spea, orodha ya wateja. Kampuni ya zamani hubaki ganda tupu, nawe umebaki ndani ya ganda hilo. Ya kwanza ni kama mtu kuoa mama mwenye watoto. Watoto wamo nyumbani. Ya pili ni mtu kuja na lori kuchukua vyombo, watoto akawaacha mlangoni.

Uingereza tangu mwaka 1981 wana amri ya kwamba biashara ikihamishwa, mikataba ya watumishi huhama pamoja nayo. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 haina kifungu cha namna hiyo. Hilo ni tundu, na wakili wa mnunuzi analijua tundu hilo kuliko anavyojua jina la mtoto wake.

Mwenzetu mmoja, fundi wa injini, alifanya kazi miaka 11 katika karakana ambayo hatutaitaja. Mshahara wake ulikuwa shilingi 24,000 kwa mwezi. Karakana ikauzwa, ubao wa nje ukapakwa rangi, na asubuhi yake akaja kazini kama kawaida, akapewa ovaroli mpya na karatasi ya kutia saini. Akatia. Hakuisoma, maana msimamizi alikuwa amesimama na kalamu mkononi na foleni ilikuwa ndefu. Baada ya miaka miwili akaambiwa kazi imepungua. Sheria katika kifungu cha 40 yasema mtu anayeondolewa kwa kupunguzwa kazi alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Akapiga hesabu ya miaka 13, akaona ndoto ya kununua ng'ombe. Wakamlipa siku 30, yaani shilingi 24,000, kwa miaka miwili. Ile karatasi aliyotia saini ilikuwa ya ajira mpya. Tulipokwenda kuuliza habari ya ile miaka 11, ambayo ni siku 165, shilingi 132,000, mwenye mali mpya akasema, mimi sikuwa na huyu mtu wakati huo. Na mwenye mali wa zamani? Ofisi yake imekuwa duka la simu.

Hayo si ya makampuni makubwa peke yake. Hapa Garissa lori likiuzwa, dalali huhesabu matairi, huhesabu turubai, huhesabu jeki na mapipa ya maji. Tanboi aliyelala juu ya lori hilo miaka sita, akalisukuma kutoka katika matope ya Modogashe, haandikwi popote. Akibahatika, mnunuzi humwambia, na wewe panda. Asipobahatika hushuka na kikapu chake. Basi linapopita kwa mwenye mabasi mwingine huwa vivyo hivyo. Mafuriko ya mwaka 2023 na ya 2024 yalipokata barabara kati ya Madogo na mji, na magari yakasimama, wenye magari walikuwa na bima zao na mikopo yao ya kuzungumza na benki. Tanboi alikuwa na nini cha kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa gari lile?

Na katika Dadaab twaona jambo jingine la namna hiyo hiyo. Land Cruiser nyingi za mashirika ya misaada duniani hununuliwa kwa jumla kutoka Gibraltar, mwamba mdogo kule mlangoni pa bahari ya Kati. Bei yatengenezwa huko, vifaa vyafungwa huko, na sisi tunapata kazi ya kuosha na kuendesha, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Shirika likimaliza fedha motokaa hupigwa mnada. Dereva hupewa barua ya shukrani.

Wenye makampuni wanalo jibu lao, nalo si jibu la kijinga. Wasema: mkitutwisha madeni ya zamani ya wafanya kazi, mnunuzi atakimbia, na kampuni itakufa, nanyi mtakosa yote. Twajibu kwa maswali. Mnunuzi anapokuta kampuni ina deni la benki, je, hukimbia? Hakimbii, hupunguza bei. Anapokuta kodi ya serikali haikulipwa, hupunguza bei. Anapokuta paa lavuja, hupunguza bei. Basi miaka ya watu nayo iandikwe katika hesabu ile ile, na bei ipunguzwe, na mwenye kuuza ndiye aumie, kwa kuwa ndiye aliyekula jasho la miaka hiyo. Kwa nini deni la benki liwe deni, na deni la fundi liwe maneno?

Wapo pia wasemao: vyama vya wafanya kazi vyaweza kufanya nini mbele ya Dubai na Japani? Vyaweza, kama vimo chumbani kabla mkataba haujatiwa saini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 yataka makampuni makubwa yanapoungana yaombe ruhusa ya Mamlaka ya Ushindani, na mamlaka hiyo yatakiwa kutazama pia habari ya ajira. Mara kadhaa imetoa ruhusa kwa sharti kwamba watu wasiondolewe kwa muda fulani. Sharti hilo halidondoki kutoka mbinguni. Huwekwa pale mtu anapokwenda na majina, idadi na miaka ya watu. Asipokwenda mtu, karatasi za makampuni ndizo husomwa peke yake, na katika karatasi hizo sisi huitwa gharama.

Kwa hiyo twataka mambo haya yaingizwe katika kila mapatano ya mishahara yatakayofanywa tangu sasa. Kwamba tajiri akitaka kuuza biashara, au sehemu yake, au jina lake, akijulishe chama kwa maandishi kabla ya kuuza, si baada ya kupaka rangi ubao. Kwamba miaka ya kila mfanya kazi ihame pamoja naye kwa mnunuzi, au ilipwe yote siku ile ile ya kuuza, na fedha hizo zitoke katika bei. Kwamba mtu asipewe karatasi mpya ya kutia saini bila siku saba za kuisoma na kumwonyesha katibu wake. Na wajumbe wetu walioko Nairobi wapeleke kwa Wabunge dai la kuziba lile tundu katika Sheria ya Ajira. Wabunge wa huku kwetu wasituambie ni jambo la viwanda na wao ni watu wa mifugo. Mwenye mifugo husafirisha kwa lori, na lori lina dereva.

Matanboi wasidhani wameachwa. Ukifanya kazi mfululizo kwa siku zifikiazo mwezi mmoja, kifungu cha 37 hakikuhesabu tena kuwa kibarua wa siku. Na kama tajiri hakukupa barua, kifungu cha 10 kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi yako mbele ya hakimu, si wewe. Wengi wetu tumenyamaza miaka kwa sababu hatuna karatasi, na kumbe kukosa karatasi ni kosa la tajiri.

Hata hivyo hakimu hupenda kuona kitu. Kila mwanachama, na asiye mwanachama pia, alete kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi: jina lake kamili, tarehe aliyoanza kazi, jina la tajiri wa kwanza na la tajiri wa sasa kama wamebadilika, namba ya gari aliyofanyia kazi, na chochote chenye tarehe, hata kama ni ujumbe wa M-Pesa wa mshahara, risiti ya mafuta yenye saini yake au picha aliyopigwa akiwa juu ya mzigo. Asiyejua kuandika aje tu. Makarani wetu watamwandikia bila malipo. Wenzetu wa Wajir na Mandera wampe dereva wa basi wanayemwamini bahasha iliyofungwa, na madereva wasizifungue.